Laki tatu, wiki nane na sinia langu: kozi ya kutengeneza picha Mji Mkongwe

Nianze na kazi yangu, mjue anayesema ni nani. Mimi ni mpiga video za harusi, upande wa wanawake, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Hapa Unguja mwanamme haingii na kamera ukumbini tulipo sisi, kwa hivyo kazi haikauki. Shaabani na Mfunguo Mosi silali kwangu. Nimeshaona mabiharusi wengi kuliko kadhi. Kamera naijua, betri inayokufa pale pale biharusi anapoingia naijua, na shangazi anayesimama mbele ya lenzi makusudi ili mshono wake uonekane namjua pia. Lakini kutengeneza picha yenyewe, ya hadithi, nilikuwa sijui hata pa kuanzia.

Mwanangu ndiye aliyenirushia tangazo kwenye WhatsApp. Wiki nane, Jumamosi na Jumapili, saa tisa mpaka saa kumi na mbili, laki tatu, nusu mwanzo na nusu katikati. Chini wameandika kwamba kila mwanafunzi atatengeneza picha fupi itakayovunja kanuni za utanzu. Mimi utanzu nikiujua wa mti. Nikamuuliza, akanambia, "Mama, aina ya picha. Za ngumi, za mapenzi, za kutisha." Basi si wangesema aina.

Jina la mahali silitaji. Nina ya kulalamikia na sitaki kupigiwa simu usiku. Anayetaka kwenda aniulize, nitampeleka mpaka mlangoni. Ni ghorofa ya pili ndani ya Mji Mkongwe, ngazi za mbao zimesimama utadhani unapanda mnazi, dari ya boriti, feni moja inayozunguka pale inapotaka. Tulikuwa wanafunzi wanane, wanawake wawili tu: mimi na binti mmoja wa chuo kikuu. Waliobaki vijana, wa Bububu, wa Jang'ombe, wa Fuoni, na Mpemba mmoja wa upande wa Wete aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake Kwamtipura. Huyo Mpemba mtamsikia tena.

Wiki mbili za mwanzo zilinipita kama usingizi wa daladala. Kushika kamera, kusawazisha rangi, kubadilisha lenzi. Aliyekuwa akifundisha hapo ni kijana wa kompyuta, anasoma slaidi za Kiingereza neno kwa neno kisha anauliza, "Tuko pamoja?" Hatukuwa pamoja. Kitu kimoja tu nilikishika, ule mstari: watu wawili wakizungumza barazani, unachagua upande mmoja wa mstari unaowaunganisha na kamera inabaki huko huko. Ukivuka, aliyekuwa akitazama kulia anageuka kutazama kushoto, na mtazamaji hajui tena nani anamwambia nani. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiuvuka kila harusi. Hakuna aliyenidai fedha yake.

Wiki ya tatu ndipo laki tatu zangu zilipoanza kurudi, na zilirudi kwa sababu umeme ulikatika.

Siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa ameingia mwenyewe. Sote tukimwita Maalim. Mtu wa makamo, mzaliwa wa Ng'ambo, aliyewabebea vyombo wageni wanaokuja kupiga picha zao hapa mpaka akaijua kazi kuliko baadhi yao. Projekta ikazima, feni ikasimama, jasho likaanza. Maalim akafungua madirisha, akakaa juu ya meza, akauliza: "Nani kati yenu kalelewa kibanda umiza?" Vijana wote mikono juu. Mimi nikapandisha wangu nusu, maana nilikuwa nikipita nje tu nikichungulia, wasichana hatukuruhusiwa. "Haya," akasema, "nipeni sheria."

Msishindane na mtoto aliyekulia kibanda umiza. Walianza mmoja mmoja, kisha wakawa wanagombania. Steringi hafi. Risasi za steringi haziishi, za adui zinaishia mtu wa kwanza. Adui mkubwa akishamfunga steringi kwenye kiti hampigi, anamsimulia kwanza mpango wake wote. Rafiki wa steringi akitoa picha ya mchumba wake na kusema tukimaliza hii narudi kuoa, huyo hafiki saa ya pili. Mtu akikohoa mara moja tu, hata kwa vumbi, anza kumsomea. Ndugu wawili wa picha za Kihindi wakipotezana utotoni, mmoja atakuwa polisi na mwengine mwizi, na watakaowakutanisha ni wimbo na alama ya mwilini. Binti wa chuo akaleta za kwetu: msichana maskini wa shamba, mtoto wa tajiri, mama mkwe mwenye dhahabu mpaka viwikoni, na mganga anayecheka peke yake bila kuchekeshwa. Halafu za kutisha. Usiku, mbuyu, bundi, mlango unaolia, na mtu anayeuliza "Nani hapo?" kama kwamba jini litajibu na jina la ukoo.

Nami nikatoa la mama yangu. Mama enzi zake akienda Majestic pale Vuga, akienda Cine Afrique Malindi na Empire Darajani, na yalikuwepo maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, mabuibui yanajaa mpaka ngazini. Nyimbo za Raj Kapoor na Nargis za ile picha ya 1951, Awaara, anaziimba mpaka leo na Kihindi hajui hata cha kununulia chumvi. Aliwahi kunambia kwamba watu walikuwa wakianza kulia kabla ya pahala pa kulia hapajafika, maana picha ile ile walishaitazama mara nne. Maalim alipolisikia hilo akapiga paja. "Basi hiyo ndiyo kanuni," akasema. "Kanuni ni ahadi. Mtazamaji kaja nayo mfukoni, kalipa kiingilio, anataka umtimizie. Sasa ukitaka kuivunja, kwanza muahidi. Usipomuahidi, hukuvunja kitu, umechelewa tu kufika."

Umeme uliporudi akatuonyesha vipande vitatu, na namshukuru kwa kuchagua vitatu badala ya kumi na tatu. Cha kwanza cha Alfred Hitchcock, Psycho, ya 1960. Mwanamke kaiba dola 40,000 za ofisini, anakimbia, nasi tumeshajipanga kumfuata yeye na fedha zake mpaka mwisho. Picha haijafika nusu, kauliwa bafuni, na zile fedha hazina maana tena. Cha pili cha George Romero, ya 1968, ile ya maiti wanaotembea. Watu wa Pittsburgh wenye fedha chache, picha ya rangi nyeusi na nyeupe, nyumba moja ya shamba. Kijana mweusi, aliyechezwa na Duane Jones, anapigana usiku kucha na ndiye peke yake anayebaki hai ndani ya nyumba ile. Asubuhi wanakuja waokozi na bunduki, wanamuona dirishani, wanadhani naye ni maiti, wanampiga risasi. Wa Bububu akasimama juu ya kiti: "Steringi kafa! Wallahi steringi kafa!" Alikuwa ameumia kweli. Wiki nzima kila tukikutana analitaja.

Cha tatu ndicho changu. Bamako ya Abderrahmane Sissako, 2006. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wanashitakiwa, mahakimu na majoho yao, lakini mahakama yenyewe iko uani kwa watu: wanawake wanapaka nguo rangi, watoto wanapita, na katikati ya kesi harusi inakatiza. Nilicheka peke yangu. Kisha usiku watu wa nyumba ile wanakaa kutazama televisheni, na kwenye televisheni ni kauboi, picha kamili ya kauboi ndani ya picha, Danny Glover na farasi na bastola, ila ardhi ni ya Afrika na wanaoanguka ni watu wa pale. Hapo hakuna aliyepiga kelele. Maalim hakutufafanulia. Alizima, akasema tukaswali.

Kazi ya wiki ya nne mpaka ya saba ilikuwa hiyo: chagua aina unayoijua, iahidi, ivunje, dakika zisizozidi kumi.

Niseme kweli, watano kati ya wanane walifanya kichekesho. Si kosa lao peke yao, kichekesho ndiyo njia nyepesi. Wa Jang'ombe alipiga kauboi pale Jaws Corner, pahala ambapo jina lenyewe limetokana na picha ya papa. Wanaume wawili wanakuja kutoka vichochoro viwili, kofia zimeshushwa, picha ya karibu ya macho, picha ya karibu ya vidole juu ya mfuko, wazee wa kahawa wanasita na vikombe mkononi. Mikono inaingia mfukoni. Inatoka na dhumna. Tukacheka, na kupiga aliipiga vizuri, mwanga wa kichochoroni saa kumi jioni ulikuwa kama wa kuazimwa. Lakini mtu akishacheka mara moja picha imekwisha. Hakuna cha kurudi nacho nyumbani. Binti wa chuo alikuwa wa pekee aliyethubutu mapenzi: msichana maskini na mtoto wa tajiri, na msichana anakataa. Wazo zuri. Ila alimpa hotuba ya dakika tatu, na mtu anayehutubia hakatai posa, anagombea ubunge.

Sasa Mpemba. Yule kijana wiki sita hakusema maneno hamsini. Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza kwao, akapanda boti Ijumaa mbili, akapiga picha yake nyumbani kwa simu yenye ufa kwenye kioo, maana kamera za chuo hazikuruhusiwa kuvuka bahari. Alichagua picha ya mpelelezi. Gunia mbili za karafuu kavu zimepotea ghalani. Na nyote mnajua karafuu kwetu mnunuzi wake halali ni shirika moja tu la Serikali, ZSTC, kwa hivyo gunia likipotea watu hawamfikirii jirani tu, wanafikiri na mashua ya usiku. Anakuja mpelelezi kutoka mjini, koti, daftari, viatu vya kufunga kamba kwenye matope mekundu.

Picha nzima imekaa kwenye mikono. Wanawake wamezunguka mkeka wanachambua karafuu. Mwenye kuijua kazi hiyo anaona: unashika shada, unalikandamiza kwenye kiganja, karafuu zinamwagika huku, makonyo yanatupwa kule, na mdomo unaendelea na hadithi zake kama mikono si yako. Mpelelezi kasimama juu yao anauliza. Anataja jina la kwanza, mikono inaendelea. La pili, inaendelea. La tatu, mikono yote, pea sita, inasita. Si kusimama. Inasita kiasi cha pumzi moja, halafu inaendelea kwa haraka zaidi kuliko mwanzo. Mpelelezi anaandika kwenye daftari, hakuona kitu. Hiyo ni dakika ya pili. Sisi tumeshamjua mwizi, wao wanamjua tangu jana, na dakika sita zilizobaki ni za kumtazama mtu mwenye elimu yake akipima nyayo, huku kila nyumba inamkaribisha chai, inampa muhogo, inamwelekeza kwa adabu zote njia isiyofika popote. Mwisho anaondoka na gari ya asubuhi. Ndani hakuna nafasi, anakaa nyuma na mizigo. Anasinzia. Kichwa kakiegemeza kwenye gunia. Kuna gunia mbili.

Maalim aliirudisha ile ya mikono mara tatu. Picha za mpelelezi, alisema, zinatuahidi kwamba mmoja anajua na wengine wote hawajui. Huyu kageuza: wote wanajua isipokuwa mmoja, na ukimya wao ndio unaouweka mtaa pamoja. Akamuuliza kijana kalipata wapi wazo hilo. Kijana akajibu, "Si wazo, Maalim. Ndivyo tulivyo." Namwambia hapa mbele ya watu: ipeleke kwenye lile tamasha la filamu lililoanzishwa 1997, la Ngome Kongwe. Usiione haya ile simu yenye ufa.

Yangu ni ya kutisha. Kila anayepiga picha ya jini hapa mjini anakimbilia magofu ya Maruhubi au pango la Mangapwani, usiku, na taa ya buluu. Mimi taa sikuwa nayo. Chuo kilikuwa na taa tatu kwenye tangazo na moja chumbani. Nikakumbuka tulivyokuwa tukikatazwa na bibi: usiku tukitumwa dukani tunakwenda, lakini saa saba mchana, jua limesimama kichwani na watu wamelala, hakuna kutoka nje, hakuna kupita chini ya mbuyu, hakuna kuita mtu kwa jina. Jini la kwetu halina haja ya giza. Basi nikaamua picha yangu itakuwa saa saba mchana, ndani ya jiko la kawaida, Mikunguni.

Nilikwenda kwa sheha kwanza, kama inavyotakiwa, na karatasi ya chuo na kibali. Sheha akaniuliza ni harusi ya nani. Nikamwambia si harusi, ni jini. Akanitazama, akagonga muhuri.

Hadithi: mwanamke anaishi peke yake, anauza maandazi asubuhi, mchana anajilaza. Kila saa saba anasikia mtu jikoni anakuna nazi. Anakwenda, hakuna mtu, ila mbuzi imelowa na nazi imo kwenye bakuli, imekunwa nyeupe pe. Kanuni inasema apige kelele, akimbie, aletewe mwalimu wa kisomo. Yeye anatazama lile bakuli, anachukua kitambaa, anachuja tui. Majirani ndio wanaoogopa, ndio wanaokuja na mwalimu na kombe. Yeye anawafungia mlango. Anayeigiza ni jirani yangu, muuza maandazi kweli, hakuwahi kuigiza hata skuli.

Mwanga ulitoka kwenye dirisha dogo na kwenye sinia langu la pilau. Maalim ndiye aliyenifundisha: jua likiingia dirishani, kaa nalo sinia upande wa pili, ligeuze taratibu mpaka mwanga uruke umfikie mtu usoni. Sinia la alumini lililosuguliwa kwa jivu linafanya kazi kuliko kile kirudisha mwanga cha chuo kilichokatika waya. Mwanangu alikaa nalo saa mbili, mikono inatetemeka, na ukiitazama picha kwa makini unaona mwanga ukutani unapumua. Watu wamenisifu kwa hilo. Nimesema ahsante.

Kilichonitesa ni ukimya. Kila pahala unapopiga, alisema Maalim, rekodi dakika moja ya pale pakiwa kimya, bila mtu kusema, ili kwenye kuhariri uwe na kitu cha kuziba mapengo ya sauti. Kimya chenyewe Mikunguni kiko wapi? Vespa. Mtu wa barafu. Na kunguru, hawa hawa walioletwa kutoka India miaka ya 1890 na hawajawahi kufunga mdomo tangu hapo. Mara ya saba nikakubali. Dakika yangu ya ukimya ina kunguru mmoja mbali, analia mara mbili na kunyamaza, na sasa siwezi kuifikiria picha bila yeye.

Halafu ndiyo likaja lile. Memori kadi ya chuo ikafa. Siku nzima ya kazi, mwanamke anaingia jikoni, mwanamke anachuja tui, vyote vimekwenda. Kijana wa kompyuta akanambia "pole, dada" na akarudi kwenye simu yake. Hawakunipa siku nyengine ya kamera mpaka wiki ya saba. Nikamrudia jirani, akaja na moyo safi, akakaa chini, akanyoosha mikono kushika bakuli. Ana hina. Juzi yake alikwenda harusini kwa binamu yake, wamemchora mpaka kwenye kiwiko, maua na majani, nyeusi ya piko na nyekundu. Nusu ya picha niliyobaki nayo hana kitu mikononi.

Nilikaa kwenye kizingiti nikataka kulia. Glavu? Kanga? Mwisho nikapiga vile vile, kwa sababu kamera ilikuwa inarudishwa saa kumi.

Siku ya kuonyesha tulifunga shuka nyeupe uani kwa chuo, viti vya plastiki, watu kama arubaini, mama yangu mstari wa mbele. Hadhira ya kwetu mnaijua, haitazami, inashauri. "Toka humo mwanangu!" "Usile!" Mwalimu wa kisomo alipofungiwa mlango mzee mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kweli. Kisha pale. Mwanamke anachukua bakuli, mikono mitupu. Picha inakata. Mikono ile ile, bakuli lile lile, ina hina. Upande wa wanaume wakaendelea kutafuna njugu. Upande wa wanawake ukatoka mguno mmoja, hhhh, kama mtu kavutwa kwa nyuma. Mama akanishika goti. "Kamuoa," akaninong'oneza. "Jini limemuoa."

Sikuwa nimeliandika hilo. Sikuwa hata nimelifikiria. Mimi miaka kumi na moja ndiye ninayepiga mikono ya hina: ya kulia, ya kushoto, taratibu, na taarabu chini yake, kwa sababu najua mkanda ukifika nyumbani wanawake watausimamisha hapo hapo waitazame. Hina mkononi kwenye video ina maana moja tu, na kila mwanamke aliyekaa pale uani aliisoma kabla hajajua kwamba kasoma. Maalim akanijia watu wakikunja viti. "Dadaangu," akasema, "wewe hukuvunja kanuni ya picha za kutisha. Umevunja ya harusi." Nikamwambia ni memori kadi. Akasema anajua.

Kwa hilo peke yake nawapa nyota nne kati ya tano kwenye mafunzo, na zote ni za Maalim. Kwenye uendeshaji nawapa mbili, na hapa nina mengine. Kamera walitangaza tatu: moja nzima, moja haishiki betri, ya tatu sikuiona kwa macho yangu. Maiki ya kubana kifuani ni moja kwa watu wanane, tulikuwa tukiigombania kama bomba la maji. Cheti ni elfu ishirini mbali, jambo ambalo halikuwemo kwenye tangazo. Maghribi walituheshimu, hilo niseme, na sisi wanawake wawili hatukuvunjiwa adabu hata mara moja, wala kuitwa kubeba chai. Lakini siku ya mwisho walitupa karatasi ya kutia saini, Kiingereza chote, kurasa mbili, na binti wa chuo ndiye aliyetusomea: picha zetu ni mali yao wazionyeshe watakapo, bila kutuuliza. Wa Bububu alishatia saini. Mimi na Mpemba tukakataa. Mkienda, isomeni kwanza, na msione aibu kuomba ya Kiswahili.

Na nunueni memori kadi yenu wenyewe.

Wiki iliyofuata nilikuwa na harusi Kikwajuni. Nimefika kwenye mikono ya biharusi, hina imekoza, nimeshainamisha kamera, na mkono wangu ukasita kama wale wanawake wa karafuu. Biharusi akaniuliza, "Vipi, imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika, ageuze kiganja. Nimeipiga kama kawaida, taratibu, kulia halafu kushoto. Mtu kalipa fedha yake kwa hilo.

Kozi nyengine inaanza baada ya Idi, nimeambiwa. Sinia langu bado liko kwao, nyuma ya mlango wa chumba cha vyombo. Nimelifuata mara mbili, nimeambiwa wanafunzi wapya wanalihitaji.